Mwenza wa Maji

Majogoo wa mtaa wa Amalemba walikuwa hawajamaliza kuwika, lakini Kageha alikwisha funga kamba za raba zake na kusimama mlangoni akimsubiri Awinja. Wasichana hao wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, wote wa darasa la saba, na nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja wa michongoma. Ilikuwa Agosti mwaka wa 1996. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto wengine wa mtaa walikuwa wamejifunika gubigubi. Wao walikuwa na kilomita za kukimbia.

Hawakukimbia peke yao. Barabarani waliungana na watu wengine saba, na majirani waliowaona wakipita kila alfajiri waliwaita wenda wazimu bila kuficha. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Sifuna, aliyefundisha shule ya msingi na aliyekuwa na miguu mirefu isiyojua kuchoka. Alikuwepo Rosebella, muuguzi, mwanamke mpole kwa maneno na mkali kwa mwendo. Alikuwepo pia Protus, fundi wa baiskeli. Hakuna aliyelipwa hata senti moja. Walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya mwisho wa mwezi kule Lugari, ambako mtu angeogelea kwanza, kisha aendeshe baiskeli, kisha akimbie, yote kwa mfululizo.

Kila jioni, kila mmoja alipita kibandani kwa Protus. Humo, kando ya tairi kuukuu, lilining'inia daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mtu aliandika mazoezi aliyofanya siku hiyo: "Mukumu na kurudi, kwa miguu." "Malava na kurudi, kwa baiskeli." "Mtoni, kwenda na kurudi mara sita." Waliokuwepo waliyasoma kwa sauti, wakapongezana na kutaniana. Mvivu akisoma waliyofanya wenzake, aliona haya, na kesho yake aliamka mapema. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama aliyoyaandika ni kweli. Neno la daftari liliaminiwa, basi.

Kulikuwa na sheria moja zaidi. Kule mto Isiukhu, kwenye kidimbwi cha kina cha kifua ambapo akina mama walifua nguo, kila mtu alijifanyia mazoezi kwa wakati wake. Lakini kwenye maji ya kina kirefu, hakuna aliyeingia bila mwenza wa maji. Mwenza huyo aliogelea kando yako, akakutazama, akakushika ukizidiwa. Ukikosa mwenza, uliketi ukingoni na kutazama wengine. Mwalimu Sifuna ndiye aliyewapanga wawili wawili: aliyeandika mazoezi mengi ya maji aliwekwa na aliyeandika machache.

Sasa tuseme ukweli ambao Kageha hakuusema. Kwa mbio alikuwa hodari. Wavulana wakubwa walikula vumbi lake. Lakini siku moja mwezi wa Julai, akiwa bado anajifunza kuogelea kidimbwini, mguu wake ulinaswa na mizizi chini ya maji. Alianguka kifudifudi, akanywa maji ya tope, na kabla hajasimama alidhani amekufa. Tangu siku hiyo hakujaribu tena kuogelea. Alikwenda mtoni, akalowesha nywele na nguo, akakaa juu ya jiwe mpaka muda ukapita, kisha akaenda kibandani na kuandika, "Mtoni, mara nne."

Alikusudia uongo huo uwe wa siku moja tu. Kesho yake akaandika mara sita, kwa sababu mara nne tena zingeonekana kama kutopiga hatua. Wiki iliyofuata akaandika kumi na mbili.

"Huyu si mtoto, huyu ni kambare!" Protus alisema, na watu wakacheka na kumpigia makofi. Kageha naye alicheka. Ilipofika katikati ya Agosti, hakuna mtu katika daftari lile, mkubwa kwa mdogo, aliyekuwa ameogelea kumshinda.

Alhamisi jioni Mwalimu Sifuna alisimama mbele ya kibanda akiwa na daftari mkononi. Jumamosi wangekwenda kwenye bwawa la Makhanu, upande wa Malava, kufanya zoezi la mwisho la maji ya kina. Akaanza kusoma majina ya wenza. Alipomfikia Awinja, alitabasamu.

"Awinja, wewe mwezi mzima umeandika mara sita pekee. Maji bado unayaogopa. Nitakupa mtu ninayemwamini. Utaogelea na Kageha."

Awinja aliruka kwa furaha akamkumbatia rafiki yake. Kageha alikaa kama gogo. Hakusikia jina lingine lolote lililosomwa baada ya hapo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, alijaribu kusema.

"Awinja, mimi nataka nikuambie kitu."

"Ngoja kwanza nikuambie mimi," Awinja alimkata kauli. "Mimi nilikuwa nimeamua nimwambie mwalimu aniache. Naogopanga maji, we acha tu! Usiku nalotanga nazama. Lakini kama ni wewe, siogopi tena. Haya, ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema... uje na taulo."

Usiku huo hakula obusuma, ugali wake wa jioni. Mama yake alimuuliza kama ni homa, akasema ni uchovu.

Ijumaa asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Sifuna akiwa ameamua kusema yote. Mwalimu alikuwa na mgeni, na kabla Kageha hajamaliza kuamkia, akamshika bega na kumgeuza kwa mgeni wake.

"Ndiye huyu niliyekuwa nikikueleza. Darasa la saba tu! Nina watu wazima ambao hawafanyi nusu ya anayoyafanya huyu mtoto majini." Kisha akamuuliza, "Ulikuwa unanitafuta, Kageha?"

"Nimekuja kukusalimia tu, mwalimu."

"Salamu tu? Asante sana, mwanangu."

Alitoka pale akitembea haraka, na alipofika barabarani akakimbia. Alikimbia moja kwa moja hadi mtoni. Wazo lilikuwa limemjia, la kipumbavu lakini ndilo pekee alilobaki nalo: atajifunza leo. Siku moja nzima, si itatosha? Aliingia majini hadi kiunoni. Akainamisha uso. Maji yalipogusa pua yake, mwili wote ulikataa. Alijaribu mara ya pili, akajaribu ya tatu, na kila mara alijikuta amesimama, meno yanagongana, mikono imekumbatia kifua.

"Wewe msichana, uko mgonjwa?" mama mmoja aliyekuwa akifua alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa unalia nini?"

Kageha alimgeuzia mgongo. Alitoka majini, akaketi juu ya lile jiwe lake, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Aliomba mvua kubwa inyeshe ili safari ifutwe. Jumamosi kulipambazuka bila hata wingu moja.

Alibaki kitandani, akasema tumbo linamkata. Mama yake alimgusa paji la uso, akaguna, akaenda kuweka chai. Punde si punde Awinja aliingia, taulo begani.

"Mama Kageha anasema huendi," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Basi na mimi siendi. Bila mwenza siwezi kuingia kwa maji, na bila leo mwalimu hatanipeleka Lugari. Si kitu. Pona tu."

Aligeuka kuondoka, na Kageha akaona jinsi alivyolikunja lile taulo na kulikandamiza kifuani. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, fupi kabisa. Badala yake aliinuka na kutafuta raba zake chini ya kitanda.

"Tumbo limepoa," alisema. "Twende."

Walikuwa na baiskeli moja, ya baba yake Awinja, na kikundi kilikuwa na njia yake ya kusafiri wawili kwa baiskeli moja. Mmoja alipanda na kwenda mbele kwa kilomita mbili hivi, akaiegemeza baiskeli penye kibanda cha mtu anayemfahamu, akaendelea kwa miguu. Wa pili alikuja mbio, akaikuta, akaipanda, akampita mwenzake, akamwachia mbele. Hivyo walikwenda upesi na hakuna aliyechoka kupita kiasi. Ubaya wake ni kwamba watu hao wawili hawakuwa pamoja ila kwa dakika moja, wakipitana.

"Awinja, ngoja kidogo!" Kageha aliita mara ya kwanza walipopitana.

"Utaniambia tukifika!" Awinja alijibu, akikanyaga pedali kwa nguvu.

Mara ya pili Kageha ndiye aliyekuwa juu ya baiskeli. Alipunguza mwendo, akamtazama rafiki yake anavyokimbia akitabasamu, jasho likimtiririka. Angeweza kusimama. Akajiambia, kilomita mbili zijazo. Akajiambia hivyo hadi Malava ikatokea mbele yao, na njia ya vumbi ya kuelekea bwawani.

Bwawa la Makhanu lilichimbwa zamani kwa ajili ya kunywesha ng'ombe. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuona kiganja chako ndani yake. Upande mmoja ulikuwa na ukuta wa udongo, na upande wa pili, mbali kiasi cha uwanja mzima wa mpira, ulikuwa na matete.

Mwalimu Sifuna aliwapanga. "Wale ambao bado ni wachanga kwa maji, kaeni hapa ukutani karibu na mimi na Protus. Rosebella, wewe na wenzako pia. Kageha, wewe mpeleke Awinja kule kwenye matete, maji yake yametulia. Wewe huhitaji mtu wa kukuchunga."

Ule mpira wa ndani wa tairi la lori, ambao walikuwa wakiutumia kuokolea, mwalimu alibaki nao kule ukutani. Nani angeupeleka kwa Kageha?

Walipofika kwenye matete, Awinja alivua raba, akafunga nywele, akavuta pumzi.

"Utakuwa kando yangu?"

"Ndiyo," alisema Kageha. Ulikuwa uongo wake wa mwisho, na ndio uliokuwa mbaya kuliko yote.

Awinja akajitosa. Aliogelea polepole, kichwa juu, akipiga maji kwa miguu kama alivyofundishwa. Kageha alimfuata hadi magotini, kiunoni, kifuani. Chini tope lilikuwa laini, lilimmeza hadi vifundoni. Miguu ikakataa kwenda mbele. Awinja aliendelea, mapigo kumi, mapigo kumi na tano, kisha akageuka kumtazama mwenzake. Kando yake hapakuwa na mtu. Kageha alikuwa nyuma, mbali, amesimama kama mti wa ua.

"Kageha! Mbona huji?"

Hofu ilimshika hapohapo. Alisahau aliyofundishwa, akaanza kupiga maji ovyo kwa mikono. Kichwa kilizama, kikatoka. "Kage..." Kikazama tena.

"Saidieni!" Kageha alipiga ukelele. "Awinja anazama! Saidieni!"

Kule ukutani watu waligeuka. Na hapa ndipo Kageha alipoona alichokuwa amekifanya. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyekimbia. Kwa nini wakimbie, na mwogeleaji bora wao yuko hatua chache kutoka kwa mtu anayezama?

"Mfuate kwa nyuma!" Mwalimu Sifuna alipaza sauti, imara, kama mtu anayefundisha darasani. "Usimwache akushike shingo! Mgeuze chali!"

"Mshike kidevu, kambare!" Protus naye aliita. "Utaweza!"

Walikuwa wakimtuma yule Kageha wa daftarini. Huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa msichana anayetetemeka kwenye tope, na mbele yake mkono wa rafiki yake ulikuwa umeinuka juu ya maji, vidole vikijikunja na kujikunjua, bila kichwa.

"Siwezi!" alilia kwa sauti iliyompasua koo. "Siogelei! Niliandika uongo, mwalimu! Yote ni uongo! Sijui kuogelea! Anakufa! Njoni!"

Kisha Mwalimu Sifuna akajirusha majini na ule mpira, na Rosebella akatimua mbio ukingoni kuzunguka bwawa, Protus nyuma yake. Lakini bwawa lilikuwa refu. Kageha aliona mikono ya mwalimu ikikata maji, ikikata, na bado ilikuwa mbali. Mkono wa Awinja ulishuka. Maji yakafunga juu yake, yakatulia. Kageha alijua kwamba ni yeye aliyempotezea Awinja zile dakika za maelekezo.

Mwalimu alipiga mbizi, akaibuka mikono mitupu. Akapiga mbizi tena. Safari hii alikaa chini muda mrefu, na alipoibuka alikuwa ameshika gauni la Awinja.

Walimlaza ukingoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, midomo imefifia. Rosebella alipiga magoti, akamsafisha tope mdomoni kwa kidole, akambana pua, akaanza kumpulizia pumzi. Alipuliza, akasikiliza kifua, akapuliza. Hakuna kilichotokea.

"Mungu wangu, mchukue huyu mwongo umwache yule," Kageha aliomba, uso wake umezikwa kwenye nyasi. Hakuthubutu kutazama. "Mungu wangu, mimi ndiye."

Rosebella hakuacha. Watu walisimama wakimtazama. Kisha ikasikika sauti mbaya ya kutapika, na hakuna wimbo uliowahi kumfurahisha Kageha kama sauti ile. Awinja alitapika maji, akakohoa, akalia.

"Yuko hai," Rosebella alisema, naye machozi yakimtoka. "Lakini lazima aende hospitali sasa hivi. Maji yakibaki kifuani, yanaweza kumdhuru hata kesho."

Protus alikimbia barabarani, akasimamisha pikapu ya kubebea maziwa. Walimfunika Awinja kwa taulo lake na kuondoka naye.

Mwalimu Sifuna alibaki nyuma kidogo. Kageha alitarajia kofi, au matusi. Mwalimu alikuwa ameketi chini, nguo zinadondosha maji.

"Mama yake lazima ajue," alisema. "Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nitasimama karibu yako, kwa sababu na mimi nina langu la kumwambia."

Jescah, mamake Awinja, walimkuta kwenye benchi la hospitali, leso imemlegea kichwani. Kageha alipiga magoti mbele yake, akasema yote: mizizi, jiwe, daftari, tumbo la uongo. Jescah alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yake hakutaka aende," alisema polepole. "Mimi ndiye nilimtetea. Nikamwambia, kama yuko na Kageha, mimi sina wasiwasi." Kageha angeona afadhali kama angechapwa.

Awinja alilala hospitalini siku tatu. Siku ya nne, kikundi kilikutana uani kwa Mwalimu Sifuna, na Awinja alikuja na mama yake, akitembea taratibu. Watu walimpokea kwa shangwe. Kageha alisimama peke yake karibu na mlango, hakujua kama anaruhusiwa kushangilia.

Mwalimu alisimama mbele yao.

"Nitaanza na kosa langu," alisema. "Niliyatazama maandishi nikaacha kumtazama mtoto. Siku ile alipokuja kwangu, uso wake ulikuwa na shida, nami nikamsifu badala ya kumsikiliza. Kuanzia leo hakuna atakayepelekwa kwenye kina kabla sijamwona kwa macho yangu akiogelea kwenye maji ya kina kifupi."

Kisha akamgeukia Kageha. Hakufoka.

"Na wewe, mwanangu, nisikilize. Kuogopa maji si kosa. Mtu mwoga tunamfundisha. Hata mimi niliogopa. Lakini ukituambia unaweza kumbe huwezi, tunamweka mtu mwingine mikononi mwako, na mikono hiyo haipo. Ulidhani unajidanganya wewe mwenyewe kwenye karatasi. Awinja ndiye aliyekunywa maji ya uongo wako. Sema ukweli wakati ukweli wenyewe ungali mdogo, ungali na aibu ya dakika moja. Ukingoja, unakuja kuusema huku mtu anazama."

Mwalimu akamuuliza Awinja angependa nani awe mwenza wake kuanzia sasa. Awinja alitazama chini.

"Rosebella," alisema.

Jibu hilo lilimchoma Kageha, lakini alijua ni haki. Hakwenda Lugari mwaka huo, na Awinja naye hakwenda, kwa kuwa daktari alimkataza. Wengine walipokuwa kule wakishindana, Rosebella alibaki siku hiyo amfundishe Kageha upya, kwenye kidimbwi cha Isiukhu, pamoja na watoto wa darasa la pili waliomcheka kwa urefu wake. Awinja alikuja kutazama, akaketi ukingoni, miguu nje ya maji. Hawakuwa wamezungumza kwa wiki mbili.

Kageha aliinamisha uso majini, akahesabu hadi tatu, akainuka akitweta.

"Umeogopa?" Awinja alimuuliza ghafla.

Watoto wa darasa la pili walikuwa wakimtazama wote. Kageha alifuta maji usoni.

"Ndiyo," alisema. "Naogopa sana. Magoti yanatetemeka."

"Basi toka upumzike," alisema Awinja, akamnyooshea mkono.